Maswali ya Wasomaji: Barua za Dada Aliyebaki na Kaka Waliovuka Bahari

Katika toleo lililopita tuliandika kwa ufupi juu ya Wajerumani waliohamia Marekani katika karne ya 19, na jambo moja tukaligusa kwa sentensi mbili tu: barua walizoandikiana ndugu wa tumbo moja baada ya baadhi yao kuondoka na wengine kubaki. Wasomaji wengi wameuliza juu ya sentensi hizo mbili kuliko juu ya makala nzima. Tumechagua maswali matano. La kwanza tumelijibu kwa urefu, kwa sababu ndani yake mna mengi ambayo wengine pia wameyauliza.

*

*Ndugu Mhariri, salamu. Ninaishi Missouri, nami nimeoa katika familia yenye asili ya Kijerumani. Baba mkwe wangu, mzee wa miaka 84, amenikabidhi kopo la bati lenye barua 11 zilizoandikwa Westfalen kati ya 1866 na 1883. Mwandishi ni dada mmoja, na barua zote ni za kaka zake wawili waliohamia huku. Familia ilizitafsirisha zamani, nami nimeisoma tafsiri hiyo mara tatu. Kinachonisumbua ni kwamba sioni mapenzi ndani yake. Dada anaanza na salamu ndefu za afya, zile zile kila mara, kisha anaingia kwenye madeni, ng'ombe (katika barua moja anasema "ng'ombe wa kahawia aliuzwa kwa sababu, wala si kwa pupa"), na karatasi ambayo kaka zake hawajaitia saini. Katika barua ya mwisho anasema mama amezikwa, na kwamba hajui kama kuna haja ya kuandika tena. Kaka hawakurudi hata kumzika mama yao. Walikuwa ndugu wa namna gani hawa? Na nimweleze nini mzee, ambaye anaamini amehifadhi barua za upendo?*
— Mkwe wa Missouri

Tuanze na zile salamu unazoziona kuwa maneno matupu. Barua za wahamiaji wa Kijerumani za wakati huo karibu zote hufunguliwa kwa namna moja: mwandishi hueleza kwamba anashika kalamu, kwamba wote nyumbani ni wazima, Mungu ashukuriwe, na kwamba anatumai wasomaji nao ni wazima. Sisi tuliokulia katika barua za "ama baada ya salamu, hali yangu ni njema, hofu ni kwako" hatuna sababu ya kushangaa. Barua ilipowasili baada ya majuma kadhaa njiani, swali la kwanza la aliyeifungua lilikuwa moja tu: nani amekufa? Salamu ya afya ililijibu swali hilo kabla ya jambo lingine lolote, na ndiyo maana ilikuwa na mahali pake maalumu, mstari wa kwanza, ambapo jicho lingeipata upesi. Tazama tena barua zako 11, uone ni ipi ambamo salamu hiyo imekatwa au imebadilishwa neno. Hapo ndipo pana habari.

Jambo la pili ni kwamba unachokishika ni nusu ya mazungumzo. Barua husafiri kwenda kwa aliyeandikiwa na kubaki huko. Zile ambazo kaka waliandika, kama bado zipo, ziko Westfalen, na wewe umebaki na majibu bila maswali. Dada akiandika kwa ukali kwamba "ng'ombe wa kahawia aliuzwa kwa sababu, wala si kwa pupa," usimsome kama mtu aliyeamka asubuhi akaanza kuzungumzia ng'ombe. Kuna mtu Missouri aliyemuuliza, na pengine kumshuku. Tunakushauri uchukue karatasi, uandike kila swali ambalo dada anaonekana kulijibu, ulipange kwa mwaka, na taratibu utaanza kuzisikia sauti za kaka ambazo kopo lako halina.

Sasa tuje kwenye ile karatasi, ambayo kwa maoni yetu ndiyo kiini cha barua zote. Katika sehemu kubwa ya kaskazini-magharibi ya Ujerumani, Westfalen ikiwemo, shamba halikugawanywa. Lilikwenda zima kwa mrithi mmoja, na ndugu wengine walistahili fidia ya fedha, au, kwa mabinti, mali ya kwenda nayo kwa mume. Kusini-magharibi, kama vile Württemberg na Baden, desturi ilikuwa kinyume: ardhi iligawanywa kwa watoto wote hadi vipande vikawa vidogo kama vitambaa, na wengi walihama kwa sababu kila mmoja alikuwa na kitu, ila kisichomtosha. Westfalen watu walihama kwa sababu mmoja alipata chote. Ndugu asiyerithi aliweza kubaki kama kibarua katika shamba la nduguye, aliweza kupanga kibanda na kulipa kodi kwa nguvu za mikono yake, au aliweza kupanda meli huko Bremen.

Kwa hiyo anayebaki shambani anabaki na deni. Anawadai wenzake uvumilivu, nao wanamdai fidia, na fedha hiyo mara nyingi haipo: imo ndani ya udongo, mifugo na paa la nyumba. Juu ya hapo upo mkataba wa matunzo ya wazazi wazee, ambao Wawestfalen waliuita *Leibzucht*. Mkataba huo haukuandikwa kwa maneno ya jumla. Ulitaja chumba au kibanda watakachokaa wazee, kiasi cha nafaka kwa mwaka, maziwa, kuni, mahali pa kupanda viazi, hata nani atawafulia nguo. Dada yako wa Westfalen alikuwa akiutekeleza mkataba huo kwa miaka 17 huku akiwaandikia walioondoka. Ng'ombe anaowahesabu ni taarifa ya mali kwa wenye haki ndani yake, kwani wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, na yeye inaelekea aliazimia kwamba la kaka zake liendelee kuwapo.

Karatasi yenyewe, tukikisia kutokana na maelezo yako, ni ama hati ya uwakili ama hati ya kukiri kwamba fidia imepokewa au imesamehewa. Ndugu aliyekuwa Marekani alitakiwa kusaini mbele ya mthibitishaji wa hati, kisha mara nyingi saini ithibitishwe na konseli wa Kijerumani, ndipo mahakama ya nyumbani iikubali. Kwa mkulima aliyekaa mbali na mji, hiyo ni safari, ada, na siku za kazi zilizopotea. Kwa dada, kukosekana kwa saini hiyo kulimaanisha kwamba hawezi kukopa kwa dhamana ya shamba wala kulisajili kwa jina lake na la mumewe. Kaka walichelewa labda kwa uvivu, labda kwa kutoamini, labda kwa kutumaini kwamba fidia itaongezeka. Hatuwezi kuwatetea sana. Nusu ya ugomvi wa barua za ndugu wa aina hii umefungwa katika bahasha moja yenye hati isiyorudishwa.

Kuhusu mazishi, hapa tunawatetea kabisa. Mama alizikwa ndani ya siku chache, ilhali barua ya kifo ilihitaji majuma mawili au matatu kufika Missouri hata katika enzi ya meli za mvuke. Simu ya maandishi ya chini ya bahari ilikuwapo tangu 1866, lakini mwaka huo ujumbe mfupi uligharimu pauni 20, fedha ambayo mtu wa shamba hakuwa akiishika kwa urahisi. Hata kurudi kabla ya kifo, ili kumtunza mama, kulikuwa na hatari yake. Kijana aliyeondoka Prusia, ufalme wa Kijerumani uliotawala Westfalen wakati huo, bila kibali kabla ya kutumikia jeshi alihesabiwa kuwa mkwepaji, na kati ya 1866 na 1871 Prusia ilipigana vita viwili vikubwa. Mkataba wa 1868 baina ya Marekani na Shirikisho la Ujerumani Kaskazini, muungano ulioongozwa na Prusia, ulilegeza mambo, kwa kuwa ulimtambua kama raia wa Marekani yule aliyekaa huko miaka 5 mfululizo na kuandikishwa uraia. Lakini mkataba huo huo ulisema kwamba akirudi na kukaa zaidi ya miaka 2 anaweza kuhesabiwa kuwa ameuacha uraia wake mpya. Angalia kama barua za kabla ya 1868 zinawauliza kaka lini watakuja, na kama za baadaye zimeacha kuuliza.

Mzee usimwambie kwamba amekosea, kwa sababu hajakosea sana. Msomee barua ile ya ng'ombe wa kahawia polepole, umweleze mkataba wa *Leibzucht*, kisha umuulize yeye anaonaje. Yeye ni mkulima au mtoto wa mkulima, bila shaka. Huenda akaielewa kuliko mimi na wewe.

*

*Kwa nini ndugu waliopendana waliandikiana mara moja kwa mwaka, au pungufu? Mimi na dada yangu tukikaa siku mbili bila kuwasiliana, nyumba haikaliki.*
— Mwanafunzi wa kidato cha tatu

Sababu ya kwanza ni gharama. Kwa mkataba wa posta wa 1852 baina ya Marekani na Prusia, barua isiyozidi nusu aunsi, yaani takriban gramu 14, ililipiwa senti 30, ambazo upande wa Ujerumani zilikuwa Silbergroschen 13, sarafu ndogo za fedha za Prusia. Kibarua wa shambani huko Ujerumani alifanya kazi kutwa nzima, na pengine zaidi, kuipata fedha hiyo. Tena barua iliweza kutumwa bila kulipiwa, mpokeaji akalipa mlangoni, na hilo lilizaa manung'uniko yake: kaka aliyesifiwa kijijini kuwa ametajirika Amerika alionekanaje alipomwachia dada yake bili ya posta? Baada ya mkataba wa kimataifa wa posta uliotiwa saini Bern mwaka 1874, nauli ilishuka hadi senti 5 kutoka Marekani na Pfennig 20 kutoka Ujerumani. Ndiyo maana makusanyo mengi ya familia huwa membamba kabla ya 1875.

Uzito ndio uliotoa sura ya barua zenyewe. Karatasi ilikuwa nyembamba hadi wino ulionekana upande wa pili. Ndugu watatu waliandika kwenye karatasi moja kwa zamu, na anayemalizia, ambaye kwa kawaida alikuwa kitinda mimba, alibanwa pembeni kwa herufi ndogo, au aligeuza karatasi na kuandika kwa kukatiza juu ya mistari ya wenzake. Kwa hiyo unapohesabu barua za familia fulani, hesabu miandiko wala usihesabu bahasha.

*

*Nafundisha historia. Je, barua za ndugu hawa zina lolote zaidi ya afya, mavuno na mirathi? Nahofia kuwapa wanafunzi picha ya wakulima wanaolalamika tu.*
— Mwalimu

Hofu yako ina msingi, na dawa yake ni familia ya Steinweg, ambayo ulimwengu unaifahamu kwa jina la Steinway. Heinrich Steinweg alitengeneza piano katika mji mdogo wa Seesen. Mwanawe Charles alitangulia New York mwaka 1849, na mwaka uliofuata baba, mama na karibu watoto wote wakamfuata. Aliyebaki ni Theodor, mwana wa kwanza, ambaye aliendelea na kazi ya piano nchini Ujerumani, baadaye mjini Braunschweig. Mwaka 1853 waliohama walianzisha kampuni yao New York.

Tangu hapo barua za kaka hawa zilivuka bahari zikiwa na mambo ya karakana: namna ya kupanga nyuzi, fremu ya chuma, ubao wa sauti, na nini wanunuzi wa New York wanakipenda. Theodor alikuwa mwenye kichwa cha sayansi katika familia, na nduguye Henry mdogo, aliyepata hataza ya kupitisha nyuzi kwa kukatizana katika piano kubwa mwaka 1859, alikuwa na mtu wa kujadiliana naye aliyekaa umbali wa bahari nzima. Mfikirie fundi anayesubiri zaidi ya mwezi kujibiwa juu ya unene wa ubao, na ambaye hawezi kumwonyesha mwenzake kwa kidole! Lazima aandike kwa usahihi ambao mafundi wanaofanya kazi chumba kimoja hawauhitaji, na kwa maoni yetu umbali huo uliwanoa.

Machi 1865 kaka wawili walikufa ndani ya mwezi mmoja: Henry New York, na Charles huko huko Braunschweig alikokwenda kumtembelea Theodor. Mwaka huo Theodor aliuza sehemu yake ya biashara ya Ujerumani na kwenda New York kuziba pengo. Wanafunzi wako waulize hivi: kama Theodor angeondoka pamoja na wengine mwaka 1850, tungejua nini leo juu ya jinsi ndugu hawa walivyofikiri? Wangezungumza mezani, na maneno yao yangeishia pale pale.

*

*Nimepewa kazi ya kutafsiri barua za ndugu wa Kijerumani wa miaka ya 1850, na tarehe zinanichanganya. Barua moja imeandikwa "8ber," lakini inazungumzia theluji ya kwanza. Agosti kuna theluji?*
— Mfasiri

Hapana, na ni vizuri kwamba ulistuka. "8ber" ni Oktoba, kwa kuwa *octo* ni nane kwa Kilatini. Vivyo hivyo "7ber" ni Septemba, "9ber" ni Novemba, na "10ber" au "Xber" ni Desemba. Mfasiri asiyelijua hili huweza kumfanya mtoto azaliwe kabla ya harusi ya wazazi wake, na tumewahi kuona ugomvi wa ukoo uliotokana na kosa hilo hilo.

Mwandiko wenyewe ni ule uitwao Kurrent, ambamo herufi e hufanana sana na n, na u huvikwa kijipinde juu ili isidhaniwe kuwa n. Ukiona mstari mfupi juu ya m au n, herufi hiyo isome mara mbili. Anza na majina unayoyajua tayari, uyatumie kama funguo.

Maneno nayo yana mitego. *Geschwister* ni ndugu wote, wa kike na wa kiume, na Kiswahili kinakupa "ndugu" bila taabu yoyote. Usilazimike kuandika "kaka na dada" kila mara. *Vetter* leo ni binamu, lakini katika barua za zamani huweza kuwa jamaa yeyote wa kiume. *Korn* kwa aliyebaki kaskazini mwa Ujerumani kwa kawaida ni nafaka ya mkate mweusi, iitwayo rai. Kwa kaka aliyeko Illinois huenda imekwisha kuwa mahindi. Ukikuta *Fenz*, usihangaike na kamusi ya Kijerumani: ni neno la Kiingereza la uzio lililovalishwa nguo za Kijerumani. Dada aliyebaki nyumbani pengine naye hakulielewa, na ukiona amelirudia katika jibu lake, amejifunza kutoka kwa kakaye.

Tena, huko Westfalen mume aliyeoa binti mwenye shamba mara nyingi aliitwa kwa jina la shamba hilo. Jina la shemeji likibadilika ghafla, usimfikirie kuwa ni mume wa pili.

*

*Barua za ukoo wa mume wangu zinakatika 1917, zinaanza tena 1920 zikiomba mafuta ya kula, kahawa na sabuni, kisha 1923 bahasha imejaa stempu hadi hakuna pa kuandika anwani. Kulitokea nini? Na tuzipeleke wapi zisipotee?*
— Mama wa Milwaukee

Marekani iliingia vitani dhidi ya Ujerumani Aprili 1917, na posta baina ya nchi hizo ilifungwa hadi 1919. Hata kabla ya hapo Waingereza walikuwa wakizikamata na kuzikagua barua zilizopita baharini. Huko Marekani kwenyewe kuandika Kijerumani kulianza kutiliwa shaka. Gavana wa Iowa alikataza mwaka 1918 lugha za kigeni hadharani na hata katika simu. Baadhi ya ndugu walirudi kuandikiana baada ya vita wakakuta upande mmoja umeanza kusahau lugha.

Stempu za 1923 ni za mfumuko mkubwa wa bei, wakati Ujerumani ilipochapa stempu za hadi Mark bilioni 50. Ziangalieni kwa utulivu, maana ile bahasha ni ushahidi mzuri wa kufundishia kuliko maelezo yetu. Barua za kuomba chakula mtazikuta tena kuanzia 1946, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kama zipo.

Kuhusu mahali pa kuzipeleka: Ujerumani kuna mkusanyo mkubwa wa barua za wahamiaji ulioanzishwa katika chuo kikuu cha Bochum katika miaka ya 1980, na ambao sasa unatunzwa katika maktaba ya utafiti ya Gotha. Barua zilizotumwa kutoka Amerika ndizo nyingi zaidi katika makusanyo ya aina hii, kwa hiyo za kwenu, zilizotumwa kutoka Ujerumani, zina thamani ya pekee. Kabla ya kumpa mtu yeyote, pigeni picha pande zote mbili za kila karatasi, pamoja na bahasha na mabaki ya lakiri. Msizitie katika plastiki ya kuyeyushwa kwa moto. Na akitokea mkusanyaji wa stempu katika ukoo, mpeni kahawa kisha mumuage kwa heshima: stempu ikishakatwa, mhuri wa posta huondoka nayo, na barua ambayo mwandishi alisahau kuitia tarehe hubaki haina mwaka.